Sura ya Tano: Anayekaa Nyuma

Bonasi ya majani chai ikishaingia, kwa kawaida kuanzia Oktoba, pikipiki za kuuza hutoka mafichoni Kapkatet. Huegeshwa mbele ya maduka ya spea na kando ya vituo vya mafuta, kwenye barabara inayotoka Kericho kupitia Litein kuteremka Sotik, tangi likiwa limeng'arishwa na namba ya simu imebandikwa kwenye taa. Nyingi ni ndogo: Boxer na TVS zilizochoka kubeba watu na magunia. Lakini msimu haupiti bila kubwa moja au mbili kujitokeza, ndefu, yenye magurudumu ya spoki na vumbi la Narok ambalo bado halijatoka kwenye injini. Vijana huizunguka. Huyu anauliza ni cc ngapi, yule anauliza inakimbia ngapi, wa tatu anazungusha mafuta ili aisikie ikinguruma. Hakuna anayepanda nyuma.

Sura hii inamhusu huyo wa nyuma. Pikipiki ya kuendesha peke yako unaweza kuivumilia ikiwa na kiti kigumu, springi mbovu na ekzosi inayochoma, kwa kuwa maumivu ni yako na uamuzi ulikuwa wako. Ya kumbebea mke, mume, mama mzazi au binti anayerudi shuleni ni shauri jingine. Hapo unanunua kiti cha nyuma kwanza, injini inafuata. Nitaishikilia hoja hiyo hata pale itakaponilazimu kuzisema vibaya pikipiki ninazozipenda.

Kwanza tukubaliane kwamba Kenya ni nchi ya pikipiki ndogo, tena si kwa bahati. Mwishoni mwa muongo wa 2000 serikali iliziondolea VAT pikipiki zisizofika cc 250. Mashine za India na China zikamiminika, na bodaboda, iliyoanza kama baiskeli ya kuvusha watu mpakani Busia, ikawa ajira ya vijana katika kila kituo cha soko. Faida yake tunaiona kila siku: cheni ya Boxer unaipata hata kwenye duka linalouza sukari na mafuta ya taa. Hasara ni kwamba ukivuka cc 250 soko linakauka ghafla. Pikipiki kubwa haifiki Kapkatet kupitia muuzaji mwenye kioo na risiti. Inafika kwa mikono ya watu, na historia ya mikono hiyo ndiyo kitu cha kwanza cha kuchunguza.

Za zamani zaidi zilikuwa za kazi. Mashamba makubwa ya chai, maofisa wa mifugo, wakaguzi wa majani na mashirika ya misaada walizitumia Honda XL na Yamaha DT na AG kwa miaka mingi, kisha zikapigwa mnada. Hizo ni ngumu kufa, lakini zimetembea polepole, kwa gia ya chini, zikiwa na mizigo, na mita ya kilomita ilikufa zamani kabla ya mwenyewe kustaafu. Nyingine zinatoka kwa wageni wa mkataba: madaktari, wamishonari, wafanyakazi wa mashirika. Hizi huwa zimetunzwa vizuri na mara nyingine zinakuja na daftari la sabisi, ila zina tatizo la ushuru nitakalolifikia. Kuna pia za wasafiri wanaotoka Cairo kwenda Cape Town ambao nguvu au pesa ziliwaishia Nairobi. Pikipiki ya msafiri wa namna hiyo imevuka Moyale ikiwa na masanduku mawili ya bati nyuma, hema, jiko na madumu ya maji. Usiiangalie injini yake kabla hujaiangalia fremu chini ya kiti. Za mwisho ni za Wakenya wenzetu wa Nairobi wanaouza ili wapande ngazi, na hao kwa maoni yangu ndio wauzaji wazuri kuliko wote: wanajua walichonacho, hawana ndege ya kuwahi, na mara nyingi watakuambia ukweli ukiwauliza swali la moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye uzito, maana ndio unaoamua mengi. Kila pikipiki ina kikomo cha mzigo alichokiweka mtengenezaji, na kikomo hicho kinahesabu watu wote wawili pamoja na nguo, helmeti na mizigo. Kimeandikwa kwenye kitabu cha mwenye pikipiki, na mara nyingine kwenye kibandiko karibu na cheni au chini ya kiti. Chukua dereva wa kilo 75 na abiria wa kilo 70. Ongeza helmeti mbili, makoti mazito na nguo za mvua, kilo 10. Ongeza begi. Kisha kumbuka kwamba huku kwetu hakuna anayeondoka kwa wakwe mikono mitupu: kutakuwa na ndizi, kabeji, labda kibuyu cha mursik ambacho hakitakiwi kulazwa. Umeshapita kilo 170. Kawasaki KLR 650 inaruhusiwa karibu kilo 180, kwa hiyo umebakiza kidogo tu. Pikipiki nyingi nyembamba za cc 250 za kuchezea porini, zile ndefu zinazopendeza macho, haziruhusiwi hata watu wazima wawili wenye miili ya kawaida. Kiti cha nyuma kimewekwa, vikanyagio vimewekwa, lakini springi na fremu hazikupigiwa hesabu hiyo. Mtu anaiona ni kubwa kwa sababu imeinuka. Urefu kutoka ardhini si uwezo wa kubeba.

Kisha kuna hewa. Kericho mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Kapkatet si chini sana ya hapo. Kwenye kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 hadi 20 ikilinganishwa na ya Mombasa, na injini ya kawaida hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Boxer ya cc 150 yenye nguvu za farasi 12 kwenye karatasi inafanya kazi na kama 10 huku milimani, ndiyo maana ikipakia watu wawili wazima kupanda kuelekea Litein unaisikia ikiomba gia ya pili. Hii ndiyo sababu halali ya kutaka pikipiki kubwa, na haina uhusiano na mbio. Unataka kupanda mlima nyuma ya lori la majani chai, kulipita kwa haraka na kurudi upande wako kabla ya kona, huku kuna mtu nyuma.

Kimo kinamgusa mnunuzi kwa njia nyingine pia. Pikipiki ya kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya mahali pa chini itameza mafuta mengi kuliko hewa iliyopo huku: itatoa moshi mweusi, plagi zitakuwa na masizi, nayo itasitasita ukiongeza mafuta. Muuzaji atakuambia injini imechoka na atapunguza bei. Mwingine mwenye injini iliyochoka kweli atakuambia ni kabureta tu. Toa plagi uitazame. Masizi makavu meusi ni habari ya kabureta. Mafuta yenye unyevu na moshi wa samawati unaoendelea hata injini ikipata moto ni habari ya ringi au vali, na hiyo ni bei nyingine. Pikipiki za injeksheni hujirekebisha zenyewe kwa hewa nyepesi, lakini zinataka betri nzima na fundi mwenye kifaa cha kuzisoma. Uliza kama fundi huyo yuko Kericho au itabidi umfuate Nakuru.

Kwa hiyo cc ngapi? Kwa mtu ambaye safari zake ni Litein, Sotik, Roret na kanisani, nasema bila kusita kwamba kati ya cc 200 na 400 inatosha. Inapanda mlima na watu wawili, inakunywa kiasi, na ikilala kwenye matope mnaweza kuiinua. Cc 650 na kuendelea ni za mtu anayekwenda Nairobi mara kwa mara kupitia Kaplong, Bomet, Mulot na Narok, safari ya zaidi ya kilomita 200 yenye upepo wa ubavuni kwenye tambarare za Suswa na kipando cha Mai Mahiu mwishoni. Huko uzito unakuwa rafiki. Huku kwetu, baada ya saa nane mchana, unakuwa adui.

Nieleze hilo la saa nane. Ukanda huu wa chai unapata mvua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa inashuka alasiri, hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria inapokutana na milima. Kericho inatajwa miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Ukitoka kwenye lami, udongo mwekundu unaoikuza chai vizuri hivyo hugeuka utelezi ndani ya nusu saa, na malori yanayokusanya majani yanauburura mpaka juu ya lami. Pikipiki ya kilo 230 yenye abiria nyuma, mguu wako mmoja chini juu ya udongo huo, haikupi nafasi ya pili. Ndiyo maana kimo cha kiti cha dereva ni jambo la usalama wa abiria. Yamaha XT660Z Ténéré ina kiti cha karibu sentimita 90 kutoka ardhini. Suzuki DR650 haiko mbali na hapo. Mrefu ataimudu akiwa peke yake. Lakini abiria anapopanda au kushuka, uzito wake wote huegemea upande mmoja kwa sekunde chache, na ni nyayo zako mbili zinazoizuia isianguke. Kama unagusa kwa vidole tu, tafuta nyingine.

Sasa panda nyuma. Nasema kweli: mwombe mwenye pikipiki au rafiki yako akae mbele, wewe panda nyuma, na ukae hapo kwa muda wa kutosha kuudhi watu. Magoti yako yako wapi? Vikanyagio vikiwa juu sana au mbele sana, magoti yatakunjwa mpaka kifuani, na baada ya kufika Bomet abiria hataweza kusimama wima. Je, vimefungwa kwenye fremu au kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma? Baadhi ya pikipiki za zamani vilifungwa kwenye mkono huo unaopanda na kushuka, hivyo kila tuta linapiga nyayo za abiria. Na Kericho hadi Sotik hakuna uhaba wa matuta. Kiti chenyewe, kibonyeze kwa kiganja: sponji iliyokufa huingia hadi chini na hairudi. Sponji hubadilishwa kwa bei nafuu na fundi wa viti vya matatu, kwa hiyo hilo lisikutishe. Kiti kinachoteremka kuelekea mbele ndicho cha kuogopwa, maana kila ukishika breki abiria anakutelezea mgongoni na helmeti yake inagonga yako.

Angalia pa kushika. Abiria wa Kenya amezoea keria ya chuma ya bodaboda na mara nyingi hataki kumkumbatia dereva, hasa kama dereva ni mkwewe. Pikipiki kubwa zilizotengenezewa wasafiri zina vishikio imara pande zote mbili. Zile za michezo zina mkanda mmoja mwembamba juu ya kiti usiomsaidia yeyote. Angalia pia ekzosi inapita wapi. Wengi wetu tuna kovu kwenye shavu la mguu wa kulia tulilopata tukishuka bodaboda, na kwenye pikipiki kubwa bomba linaweza kupita juu, usawa wa paja, mahali ambapo leso au gauni hutua. Kinga ya joto iwepo na isiwe imelegea.

Kisha chukua tochi, ondoa kiti, upige magoti. Fremu ya nyuma, ile inayoshika kiti, keria na masanduku, mara nyingi ni mabomba membamba kuliko fremu kuu. Hapo ndipo uzito wa abiria unapokaa, nyuma kabisa, karibu na ekseli au hata kuipita, na kila shimo linauzidisha. Tafuta rangi iliyopasuka kwenye maungio, kutu inayotoka kwenye ufa mwembamba kama unywele, na alama za welding. Chuma kilichochomewa vizuri kinaweza kudumu, lakini nataka nijue kilivunjikaje na kilichomewa na nani. Simama nyuma ya pikipiki, hatua kadhaa, utazame kama taa ya nyuma, kiti na gurudumu viko kwenye mstari mmoja. Pikipiki iliyogongwa nyuma haifichi hilo kwa anayeitazama kwa utulivu. Wauzaji hawaipendi sehemu hii ya ukaguzi. Mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliwahi kuniuliza kama nanunua pikipiki au nafanya postmotamu. Nikamjibu, "Mzee, mama ndiye atakayekaa hapa." Akanishikia tochi.

Springi na shoki ya nyuma. Pikipiki kubwa nyingi zina moja tu, imejificha katikati, na ndani yake kuna mafuta na gesi vinavyochakaa bila mtu kuona. Ibonyeze kwa nguvu kisha uachie: ikiruka juu na kucheza zaidi ya mara moja, shoki imekufa, na spea yake ni miongoni mwa vitu ghali kwenye pikipiki nzima. Ukikaa watu wawili, isishuke zaidi ya kama theluthi ya safari yake yote. Ikishuka zaidi, kaza springi. Nyingi zina pete au kitasa cha kukazia, na ukikuta pete hiyo imeganda kwa kutu ujue haikuwahi kuguswa. Madhara ya nyuma kulala sana hayaishii kwenye starehe. Mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea kwenye kona, breki ya mbele inakosa mshiko, na taa inaangalia angani ikiwapofusha wa matatu wanaokuja. Wanakuwashia fulu, nawe unadhani ni jeuri.

Tairi nalo lina maandishi watu wasiyoyasoma. Ubavuni mwa tairi la nyuma kuna namba mbili baada ya ukubwa, zikifuatwa na herufi. Hiyo ni namba ya uzito: 57 ina maana tairi linabeba kilo 230, 60 ni kilo 250, 66 ni kilo 300. Tairi la bei rahisi lililowekwa haraka ili pikipiki iuzike linaweza kuwa na vimbe nzuri na namba ndogo. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la umri huo halishiki lami iliyolowa, hata kama limesimama ghalani muda wote na nywele zake bado zipo.

Yaliyobaki ya ukaguzi ni ya kila pikipiki, nami nitayapita: beringi za usukani zisiwe na mahali zinapokwama, fimbo za mbele zisivuje mafuta, meno ya sproketi yasiwe yamejikunja, gurudumu la nyuma lisicheze ukilitikisa kushoto na kulia. Fika mapema, na muuzaji asiwe ameiwasha kabla yako. Ukigusa injini ukaikuta moto, mwambie utarudi kesho.

Watu huniuliza majina, basi tuyataje. KLR 650, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1987, ni ya kabureta mpaka 2018, tangi lake ni kubwa, kiti chake ni kipana na fundi yeyote mwerevu anaielewa. Ina kasoro moja inayojulikana dunia nzima: kipande kidogo ndani ya injini kinachokaza cheni ya balansa huvunjika, hasa kwenye zile za kabla ya 2008, na vipande vyake vikitembea injini imekwisha. Uliza kama kilishabadilishwa. Muuzaji anayejua jibu ni dalili nzuri. DR650 naipenda kuliko zote kwa urahisi wake, inapozwa kwa hewa na mafuta bila maji, lakini kiti chake cha kiwandani ni ubao na tangi lake la lita 13 ni dogo. Kwa abiria, hapana. Ténéré ni imara na inabeba, kama miguu yako inafika.

Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyozinduliwa mwaka 2016, ina kiti cha sentimita 80, kishikio kizuri cha abiria na tabia ya upole. Ina nguvu za farasi 24 na kitu, ambazo kwa hewa ya Kericho ni kama 20, na ni nzito kuliko sura yake. Haitakimbia. Kwa watu wawili wasio na haraka kati ya Kapkatet na Bomet, siijui iliyo bora kwa matumizi hayo. Honda NC700X ya kuanzia 2012 ina starehe ya lami na inakunywa mafuta kidogo kwa ukubwa wake. Pale panapokaa tangi kwenye pikipiki nyingine kuna sanduku la kuwekea helmeti, kwa sababu tangi lenyewe liko chini ya kiti. Sasa fikiria: mdomo wa tangi uko chini ya kiti cha abiria. Kila ukijaza mafuta abiria anashuka, na mzigo uliofungwa kwenye kiti hicho unafunguliwa wote, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo haliandikwi kwenye tangazo la kuuza.

BMW R1200GS ni ndoto ya wengi, nayo kweli ina kiti cha nyuma kizuri kuliko hizi zote. Haina cheni, nguvu inapita kwenye shafti, kwa hiyo matope hayaisumbui. Lakini beringi za gia ya nyuma kwenye zile za miaka ya mwanzo zina sifa mbaya, na spea zake hutazipata Kirinyaga Road Nairobi, pale ambapo wazee bado wanapaita Grogan, wala kwenye duka lolote la Kericho. Utaagiza kutoka nje na utasubiri. Pikipiki inayosubiri spea miezi miwili haimbebi mtu. Kuhusu Yamaha AG za mashambani, zina keria mbele na nyuma na hazichoki, ila zilitengenezwa kwa ajili ya mfugaji na mbwa wake. Binadamu wa nyuma hakufikiriwa sana.

Karatasi. Namba za pikipiki kongwe zinafanana na za magari, zinaanza na KA au KB, wakati za sasa zinaanza na KM. Hilo litakupa umri kabla ya muuzaji kufungua mdomo. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za logbuku, herufi kwa herufi, kisha fanya upekuzi wa NTSA kupitia eCitizen ili uone ni ya nani na kama ina deni la benki au sako. Kwa pikipiki kubwa kuna swali la ziada: ililipiwa ushuru? Mgeni wa mkataba, shirika au kanisa huweza kuingiza chombo kwa msamaha wa ushuru, na msamaha huo ni wao. Ukinunua wewe usiye na msamaha, KRA inadai ushuru wake kabla ya jina kubadilika, na kiasi hicho kinaweza kukaribia bei mliyopatana. Ya msafiri wa mpakani ni ngumu zaidi, kwa kuwa iliingia kwa hati ya muda ya forodha na inatakiwa ama itoke nchini ama ilipiwe. Muuzaji anayesema utabadilisha jina baadaye anakuuzia tatizo lake. Pesa zote zisitoke mkononi mwako mpaka aidhinishe uhamisho kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja.

Bima ya chini kabisa ni ya mtu wa tatu, na inalazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Usiishie kuuliza bei. Uliza wakala, na umtake akuonyeshe kwenye karatasi, kama abiria wako amekatiwa bima. Kwenye pikipiki ya binafsi mara nyingi abiria hulipiwa nyongeza, nayo ni ndogo. Leseni yako iwe ya A2. A3 ni ya wanaobeba abiria kwa malipo. Na Sheria ya Trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, aliyepanua miguu pande zote mbili kwenye kiti kilichofungwa vizuri, akiwa na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Ule ukaaji wa upande mmoja ambao mama zetu wameuzoea kwenye bodaboda haufai kwenye pikipiki yenye nguvu mara nne. Suruali ya mvua juu ya gauni huondoa ubishi huo bila kumvunjia mtu heshima.

Ukifika hapo na bado unaitaka, iendeshe, lakini nenda na yule utakayembeba. Acha kitambulisho na amana, muuzaji asikatae. Pandeni kuelekea Litein, mteremke tena, mpite matuta, mwingie barabara ya udongo mita mia chache. Kwenye mteremko shika breki ya mbele taratibu na usikilize kama usukani unatikisika. Achia kidogo mkono mmoja kwenye lami iliyonyooka uone kama inavuta upande. Mkirudi, usiseme chochote. Mwache aliyekaa nyuma aseme kwanza, mbali na muuzaji: miguu imechoka, mgongo umeuma, aliona barabara au aliona helmeti yako tu, alihisi kama anarushwa. Kama anasita, uliza tena. Wake na waume wengi husema "ni sawa tu" kwa sababu wanaona jinsi mwenzao anavyoitamani.

Katika bei mtakayopatana, toa fungu la matengenezo kabla ya kusalimiana mkono: tairi mbili ikiwa ni za zamani, cheni na sproketi zake, mafuta, vibao vya breki, sponji ya kiti. Toa pia pesa ya helmeti ya pili. Ile inayotundikwa kwenye usukani wa bodaboda, inayovaliwa na kichwa chochote, haimfai mtu wako. Mpeleke dukani akaijaribu mwenyewe, afunge mkanda, atikise kichwa. Isimzunguke.